Mbunge wa zamani akirudi kuomba udiwani ili awe meya: amepanda au ameshuka?

MwandikaMihtasari (mleta uzi)

Wakuu, mbukwa.

Jana jioni nimekaa kijiweni Majengo, kahawa mkononi, akaingia jamaa na habari ya moto: mheshimiwa fulani aliyekaa Bungeni vipindi viwili kachukua fomu ya udiwani kwao. Kijiwe kizima kikaangua kicheko. "Kafulia," mmoja akasema. "Mtu aliyezoea kuuliza maswali ya nyongeza leo anagombea kata, akapambane na kalvati na mitaro?" Kuna mzee pale huwa haongei mpaka kikombe cha pili. Akakitua kikombe, akasema: "Huyo hataki udiwani. Anataka joho la umeya."

Mimi sikucheka. Miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya baraza la madiwani kwenye manispaa moja, mbali na hapa Dodoma, jina nalihifadhi. Nimewaandikia mameya watatu, na mmoja wao alitoka Bungeni.

Siku ya kikao chake cha kwanza joho lilikuwa bado na mikunjo ya mfuko wa nailoni, mkufu unamvuta shingo upande mmoja. Akasimama kufungua baraza, mkono ukapapasa meza kutafuta kitufe cha maikrofoni. Kitufe hakipo, kwetu maikrofoni ilikuwa moja inapita mkono kwa mkono. Akakohoa, akaanza: "Mheshimiwa Spika..."

Ukumbi ukalipuka. Na yeye akacheka, akajirekebisha, tukaendelea. Ila mimi nilikaa hatua mbili kutoka kwake, nikamwona anaifuta ile karatasi ya hotuba kwa kiganja, mara tatu, kama ina vumbi.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike uzi huu. Ikaja hoja ya mzabuni wa taka. Madiwani wakapamba moto. Mheshimiwa wetu, bingwa wa kuchangia, akaanza kujibu hoja moja baada ya nyingine, ya tatu, ya nne. Mkurugenzi amekaa pembeni yake kama katibu wa baraza, akamsogezea kikaratasi. Nilikiokota baada ya kikao. Kilikuwa na maneno matatu: "Mwenyekiti aongoze tu."

Bungeni alikuwa anaomba nafasi ya kusema. Huku yeye ndiye mgawaji wa nafasi, halafu ananyamaza. Ilimchukua karibu mwaka kuzoea, na alipozoea alikuwa meya bora kuliko wale wawili wengine.

Kwa wasiojua utaratibu, kwa kifupi. Meya hapigiwi kura na mimi na wewe. Unachaguliwa kwanza diwani wa kata, kisha madiwani wenzako wanakuchagua miongoni mwao, miaka mitano. Naibu meya wanamchagua kila mwaka. Mbunge wa jimbo anaingia kwenye baraza hilohilo kama mjumbe, naye anapiga kura. Na tusidanganyane, meya hapatikani siku ya baraza, anapatikana kwenye kikao cha chama chenye madiwani wengi. Siku ya baraza mnaenda kupiga makofi.

Sasa semeni. Aliyekuwa mbunge akirudi huku, amepanda au ameshuka?

ZabibuKavu

Kashuka, tena kwa lifti. Mkuu usimpambe.

Mbunge ana mshahara, ana posho za vikao, ana mkopo wa gari, miaka mitano ikiisha ana kiinua mgongo. Juu ya hapo kuna Mfuko wa Jimbo, upo kwa sheria ya 2009, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Akitaka mabati ya zahanati anajua pa kuanzia. Meya ana nini? Ana kiti chenye mgongo mrefu na gari la halmashauri. Posho ya diwani haimtoshi hata kuchangia misiba ya kata yake, na diwani kila msiba ni wake.

MtuWaNkuhungu

Ninyi mnabishania kivuli. Meya na mbunge wote wawili hawana kalamu. Kalamu iko kwa mkurugenzi. Anateuliwa na Rais, ndiye afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha, hundi haitoki bila yeye. Meya anaweza kupiga kelele mpaka joho lichanike.

MwandikaMihtasari

@MtuWaNkuhungu hapo umegonga, ila nusu. Kalamu ni ya mkurugenzi, lakini bajeti inapita barazani, na kabla ya baraza inapita Kamati ya Fedha na Uongozi, na mwenyekiti wa kamati hiyo ni meya. Inakaa kila mwezi. Huko hakuna waandishi wa habari wala wananchi kwenye viti vya nyuma. Huko ndiko fedha ya ndani inapopangiwa njia: kiasi gani barabara za mitaa, kiasi gani madawati, na ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Meya mzembe anasomewa taarifa, anasema "tumeipokea", chai inaletwa. Meya anayejua kazi anauliza kwa nini kifungu cha mwezi uliopita hakijasogea hata shilingi.

Yule wangu wa "Mheshimiwa Spika" alikuwa na daftari la shule, la kurasa 96. Kila ahadi ya mkurugenzi aliiandika humo na tarehe. Tabia aliitoa Bungeni, kwenye kamati za hesabu. Mwezi unaofuata anafungua daftari, anasoma bila kupandisha sauti. Wakuu wa idara walikuwa wanaliogopa daftari kuliko ukaguzi.

Kashata

Nimekuja kusoma komenti tu. Ila mleta uzi, hilo joho nani analifua?

BabuWaKilimatinde

Vijana, mnaongea kana kwamba jambo hili limeanza juzi.

Sheikh Kaluta Amri Abedi mnamjua, au mnajua uwanja wa Arusha wenye jina lake tu? Mzaliwa wa Ujiji, 1924. Ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, kabla hata bendera ya Uhuru haijapandishwa. Akawa mbunge, na 1963 Nyerere akamfanya Waziri wa Sheria. Alifariki 1964, umri wake miaka 40. Na katikati ya yote hayo alikuwa mshairi, ameandika kanuni za vina na mizani ambazo walimu wa Kiswahili wanazitumia mpaka leo. Kwake yeye umeya, ubunge na uwaziri vilikuwa vyumba vya nyumba moja.

Majirani nao wana Charles Rubia. Meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, 1962. Baadaye mbunge wa Starehe miaka mingi, akawa waziri, na 1990 akatiwa kizuizini kwa kudai vyama vingi. Huyo alianza na mitaro ya jiji, akamalizia kizuizini.

Wakati ule meya alikuwa mtu mkubwa kwa sababu mji wenyewe ndio uliokuwa unanyang'anywa mkononi mwa mkoloni. Sasa hivi mji umekuwa wa kwetu, meya amekuwa mtu wa kukata utepe.

ZabibuKavu

Babu heshima yako, shikamoo. Ila hao wote ulioorodhesha walipanda. Umeya kwanza, Bunge baadaye. Hoja ya uzi ni aliyerudi chini.

DerevaWaMutukula

Aliyetoka Bungeni akaenda kuwa meya yupo, ninyi mnatazama ndani ya uzio tu. Vukeni mpaka Kampala. Erias Lukwago alikuwa mbunge wa Kampala ya Kati 2006 hadi 2011, akaacha, akagombea Lord Mayor, yaani meya wa jiji zima, akashinda kwa kura za wananchi moja kwa moja.

Mimi nilikuwa napeleka mzigo Kampala miaka ile. Ameshinda, lakini serikali imeshaunda mamlaka mpya ya jiji, na mkurugenzi mtendaji wake, Jennifer Musisi, ameteuliwa na Rais. Mmoja ana kura, mwingine ana fedha. Novemba 2013 madiwani wakampigia kura ya kumng'oa. Jamaa akaenda mahakamani, akaenda barabarani, na 2016 wananchi wakamchagua tena. Madereva wenzangu wa kule walikuwa wanasema hawajui barabara ipi kajenga Lukwago, ila wanajua kila alipofungiwa geti.

Kwa hiyo meya mwenye kura za wananchi naye kabanwa. Huyu wenu wa kuchaguliwa na madiwani ndiyo kabisa.

JembeLaMkono

Mmesahau ugomvi wa meya na wabunge uliotuletea neno jipya la Kiswahili! 2011, sakata la UDA, lile shirika la mabasi la Dar, meya wa Dar marehemu Dk. Didas Masaburi alivyowajibu wabunge wa jiji kwamba wanafikiria kwa kutumia kile kiungo cha kukalia. Wiki haikuisha, mitaani kiungo kimeshaitwa masaburi. Mpaka leo ukiteleza kwenye tope la Chang'ombe utaambiwa umeangukia masaburi.

Mungu amrehemu. Hakuna mbunge aliyewahi kuiachia lugha mchango wa namna ile.

Kashata

😂😂😂 Nimejibiwa kila kitu isipokuwa joho.

MwandikaMihtasari

Babu, shikamoo. Umenikumbusha niongelee mtu wa hapahapa Dodoma, maana kijiwe cha jana kilimtaja vibaya.

Adam Kimbisa. Wengi wanamjua kama mwenyekiti wa CCM mkoa wetu. Kabla ya siasa alikuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Msalaba Mwekundu. Kisha akawa meya wa Jiji la Dar es Salaam, yule aliyemtangulia Masaburi, akaondoka 2010. Na msisahau lile Jiji lilikuwa la ajabu: manispaa tatu chini yake, kila moja na meya wake na mapato yake, Jiji limebaki na dampo na stendi. Mfumo ule Magufuli aliuvunja Februari 2021, Ilala ikavikwa hadhi ya jiji.

2012 Bunge likamchagua kuwa mbunge wa Afrika Mashariki. Huo nao ni ubunge wa aina yake, nchi ina viti 9 vya kuchaguliwa, wapiga kura wako ni wabunge wa hapa Dodoma, na kazi yako iko Arusha.

Halafu Julai 2015. Tuliokuwa mjini usiku ule tunakumbuka, hoteli zote zimejaa, watu wamelala kwenye magari. Kamati Kuu ya CCM imekata majina ya wagombea urais, la Lowassa, waziri mkuu wa zamani, halimo kwenye tano bora. Wajumbe watatu wakatoka nje kuwaambia waandishi kwamba hawakubaliani: Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Kimbisa. Machi 2017 chama kikatoa hukumu, hapahapa Dodoma. Simba akafukuzwa. Nchimbi akapewa onyo kali. Kimbisa akasamehewa.

Watatu wamesimama pamoja, kauli moja, hukumu tatu. Na mwaka uleule aliosamehewa alirudi Bunge la Afrika Mashariki, Desemba akagombea uspika, akashindwa na Martin Ngoga wa Rwanda.

Sasa ZabibuKavu, niambie kwenye safari hiyo wapi alipanda na wapi alishuka. Kila ngazi aliyokanyaga, wapiga kura wake ni watu waliokaa ukumbini: madiwani, wabunge, wajumbe wa chama. Mtu wa namna hiyo anaitwa mtu wa vikao. Ukimweka jukwaani Sabasaba na spika mbovu huenda akapwaya, ukimweka chumbani na wajumbe 40 anatoka na anachotaka. Mbunge wa jimbo mara nyingi ni kinyume chake, na ndiyo maana wengi wakipewa umeya wanaumbuka.

ZabibuKavu

Hapo umenifunga kidogo. Kidogo.

MamaWaIhumwa

Habari zenu kaka zangu. Mimi siyo mtu wa siasa, niulize la kwangu.

Nilinunua kiwanja, sitasema mji gani, nikalipia kila kitu, risiti ninazo. Miaka minne baadaye nakuta mtu mwingine ana barua ya toleo ya kiwanja hichohicho. Nikaenda kwa mbunge, akanisikiliza vizuri sana, akampigia mtu simu mbele yangu, nikatoka na furaha. Hakuna kilichotokea. Nikaenda kwa meya, akaniambia ukweli kwamba yeye hatoi viwanja, akanielekeza niandike barua kwa mkurugenzi na nakala nimpe yeye. Nikaona ananikwepa. Baada ya miezi mitano barua ile ikasomwa kwenye kamati ya mipango miji, namba ya kiwanja changu ikatajwa, na afisa wa ardhi akatakiwa kujibu kwa maandishi. Kesi haijaisha, ila faili langu limepatikana. Kabla ya hapo nilikuwa naambiwa halionekani.

Je, ningeanza kwa nani?

MtuWaNkuhungu

Pole dada. Ungeanza na diwani wako, yule ndiye mjumbe wa kamati. Mbunge amekupa simu, meya amekupa utaratibu. Simu inafurahisha, utaratibu unachosha.

Na kwa hapa Dodoma suala la ardhi ndilo lililompandisha meya daraja. Zamani meya wa Manispaa alikuwa hana habari na viwanja, CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, ndiyo iliyopima na kugawa tangu 1973. Ukikosana na CDA hata Mungu ulimwomba kwa adabu. Mei 2017 Magufuli akaivunja, kazi zake na madeni ya lawama zake vikahamia Manispaa. Hati za miaka 33 zikaanza kubadilishwa kuwa za 99. Mwaka uliofuata, sherehe za Muungano uwanja wa Jamhuri, tukatangaziwa kuwa jiji. Ghafla baraza lililozoea kujadili ushuru wa soko la Majengo linasimamia mipango ya makao makuu ya nchi, kata 41, na sensa ya 2022 ikatukuta watu 765,179.

Profesa Davis Mwamfupe, aliyekuwa meya wa Jiji, hakupita Bungeni, alitoka kufundisha chuo kikuu. Nilihudhuria baraza moja kama mwananchi, nilihisi nipo darasani. Sijasema ni vibaya. Wanaobishana walikuwa wanaombwa wamalize sentensi.

KijanaWaIlazo

Wazee wangu, mimi ndoto yangu ni siasa na niseme ukweli, naona umeya ni ngazi tu. Jerry Silaa alikuwa meya wa Ilala, 2020 akawa mbunge wa Ukonga, kisha waziri. Stanslaus Mabula meya wa Mwanza, 2015 mbunge wa Nyamagana. Jafary Michael meya wa Moshi kwa Chadema, 2015 mbunge wa Moshi Mjini. Njia si inaonekana? Na hapa kwetu jimbo limegawanywa 2025, Mtumba imekuwa jimbo lake. Nafasi zimeongezeka.

BabuWaKilimatinde

Mjukuu wangu, umewataja waliovuka. Mto huo una mamba.

Wakati wanasiasa wanakiona kiti cha meya ni ngazi, kuna watu walikifia. Arusha, Desemba 2010, uchaguzi wa meya ukaingia mgogoro, mojawapo ya hoja ikiwa ni mbunge wa viti maalumu kutoka Tanga kupiga kura Arusha. Januari 5, 2011 maandamano, risasi, watu wakapoteza maisha. Kiti ambacho Zabibu anasema hakina hata posho ya msiba.

KijanaWaIlazo

Babu hilo nilikuwa darasa la tatu. Asante.

ZabibuKavu

Babu umeniweza. Nabadilisha kauli nusu: kwa fedha kashuka, kwa kazi inategemea kama anajua kukaa kimya. Mleta uzi, yule wako wa daftari aliishia wapi?

MwandikaMihtasari

Hakuishia popote pakubwa. Kipindi kilipokwisha alikatwa kwenye kura za maoni za kata, kwa tofauti ya kura nne. Kura nne! Waliomkata ni wajumbe wa kata yake waliosema hajawahi kuwatembelea, yupo vikaoni tu. Siku ya kukabidhi ofisi aliniita, akaniuliza kama lile daftari ni mali ya halmashauri au lake. Nikamwambia amelinunua kwa fedha yake. Akaliacha mezani hata hivyo. Aliyekuja baada yake sikuwahi kumwona akilifungua, nikalihamishia kabatini.

Huyu wa kijiweni kwetu, kama anasoma humu, Mheshimiwa, atembelee kata.

Na @Kashata, sijakusahau. Joho halifuliwi, linapelekwa kwa dobi mara moja kwa mwaka kabla ya baraza la kupitisha bajeti, kwa dokezo linalosainiwa na mkurugenzi. Mwaka mmoja dokezo lilichelewa, likavaliwa na doa la chai begani. Lipo kwenye picha ya ukutani mpaka leo.

Kashata

Dokezo la kumfulia meya joho nalo linasubiri saini ya mkurugenzi 😂 Nafunga simu nikalale.